Kiti Changu Kilipopandishwa Jukwaani

Sauti ya mtu anayejaribu maikrofoni bado hunitisha. "Moja, mbili. Halo, halo. Moja, mbili." Hapa shuleni kwetu Bungoma huisikia kila siku ya wazazi, wanapoleta vipaza sauti vya kukodi ambavyo kwanza hutoa mlio kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji. Wenzangu wa kidato cha tatu huziba masikio na kucheka, na mimi hucheka pia. Lakini mikono yangu hushuka yenyewe, bila kuniuliza, ikashika magurudumu ya kiti changu na kuyabana mpaka vidole vikauma. Sijawahi kumweleza mtu kwa nini. Naandika hapa kwa sababu karatasi haimkatizi mtu akiongea, na wewe unayesoma, tafadhali usinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilizaliwa na shida ya uti wa mgongo. Miguu yangu husikia joto, baridi na siafu, ila haibebi mtu. Mama aliuza nguo za mitumba sokoni Kitale, na muhula wote wa pili mwaka ule nilikuwa nimekaa nyumbani kwa sababu shule yangu ya kwanza ilikuwa imechoka nami. Darasa lilikuwa juu ya ngazi tatu, na mwalimu aliyezoea kunipandisha alikuwa amehamishwa. Mama akazunguka, akazunguka, mpaka akapata shule moja upande wa Saboti ambayo madarasa yake yote yalikuwa chini. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye asili ya Nyeri asiyependa maneno mengi, aliniangalia, akakiangalia kiti, akasema, "Jumatatu ya kufungua, akuje na kiti chake. Akiwa na kiti ni mwanafunzi kama wengine. Bila kiti, Mama Nekesa, mimi sina mtu wa kumbeba. Sitaki kukudanganya."

Likizo yote ya Agosti nililala na kuamka na maneno hayo. Akiwa na kiti. Bila kiti.

Kiti chenyewe zamani kilikuwa cha hospitali. Fundi mmoja wa baiskeli pale Kitale alikitoa yale magurudumu membamba yanayozama kwenye matope akakifunga ya baiskeli, moja jeusi, jingine la bluu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Kikiteremka kilima kilipiga tiki tiki tiki. Mimi nilikiona kizuri kuliko gari la mbunge.

Likizo hiyo Mama alinipeleka kwa Kukhu. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kibukusu. Kukhu aliishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, na alikuwa kiongozi wa akina mama wa ushirika wa kanisa lao, mwanamke wa leso mbili, moja ya sokoni na moja ya maombi, na ole wako uzichanganye. Alinipenda kwa ukali. Asubuhi moja tulikuwa tukipukuchua mahindi, akaniuliza nikiwa mkubwa nataka kuwa nani.

"Mwalimu," nikasema.

"Na ubao utaufikia namna gani?"

"Nitaandika kwa chini."

"Na wale wa nyuma wataona?"

"Si watasonga mbele."

Alicheka mpaka mahindi yakamwagika mapajani. Lakini kicheko chake kiliishia mahali pabaya. Aligeuka, akafuta macho kwa ncha ya leso, na kwa kuwa jiko lilikuwa likifuka nikaona ni moshi tu.

Siku chache baadaye pikapu yenye spika ilipita barabarani ikitangaza krusedi. Jumamosi, saa nane mchana, uwanjani. Vipofu wataona, viwete watatembea. Mtangazaji aliposema viwete niligeuka kuangalia ni akina nani wamesimama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Ijumaa Kukhu alikiosha kiti changu. Hakukiosha kama tunavyokiosha siku zote, kwa kukimwagia maji. Alikaa chini nacho mchana kutwa, akasugua kila waya wa gurudumu kwa mswaki mzee, akakipaka mafuta, akakianika. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikimtazama. "Kukhu, mbona unakiosha hivyo?" Aliimba tu. Nikahesabu vidoleni. Kesho Jumamosi. Jumapili kurudi Kitale. Jumatatu shule. Zilibaki siku mbili tu, na sikuona ni kitu gani kingeweza kuharibika ndani ya siku mbili, lakini nilihesabu tena.

Uwanja ulijaa. Kulinuka mahindi ya kuchoma na nyasi zilizokanyagwa, na kinanda kilikuwa kikipiga kwa nguvu hata nikausikia muziki kwenye vyuma vya kiti. Juu ya jukwaa walikuwa wamefunga waya kutoka nguzo hadi nguzo, na kwenye waya ule wakatundika mikongojo, miwili miwili, kama mahindi ya mbegu yanavyotundikwa jikoni. Chini ya waya kulikuwa na viti viwili vya magurudumu, vitupu. Vyote vilikuwa ushuhuda, walisema, wenyewe walipona mikutano iliyopita. Nilianza kuwatafuta wale wenyewe kwa macho. Nilimwona mzee mmoja tu, aliyekuwa amepeleka mikongojo yake saa hiyo hiyo. Alikuwa amekumbatia nguzo ya ua kwa mikono yote miwili, anatabasamu, na jasho linamtoka.

Mhudumu mwenye utepe wa manjano kifuani alitufikia. Alikuwa na sauti nzuri, ya upole.

"Mama, uko na imani?"

"Niko nayo," Kukhu akasema.

"Imani ya kupokea, ama ya kujaribu? Kwa sababu mtu hawezi kuomba miguu na ameweka kiti pembeni kama cha akiba. Anayetaka kupokea anatoa kwanza."

Akina mama wa ushirika walikuwa wamesimama nyuma yetu. Sikuwaona, lakini niliwasikia wakinyamaza. Kukhu aliweka mkono kichwani pangu, akauondoa.

"Chukueni," akasema.

Aliniinua mwenyewe, akaniweka kwenye leso yake ya maombi juu ya nyasi. Kiti kikaenda, tiki tiki tiki, kikabebwa kwenye ngazi za jukwaa na kuwekwa karibu na vile vingine, na watu wakapiga vigelegele. Sikulia. Sisi watu wenye haya hatulii mbele ya watu, tunangoja. Lakini nitakwambia kitu ambacho pengine hukijui. Ukiwa kwenye kiti, unaongea na watu ukiwaona mpaka kifuani, na ukiinua uso kidogo unawapata machoni. Ukiwekwa chini, dunia nzima inakuwa magoti. Magoti hayana macho. Kila mara umati uliposukumana nilikunja mikono nikaificha chini ya gauni, vidole visije vikakanyagwa, na nikawaza: Jumatatu nitaingia darasani hivi, kwa makalio, na mwalimu mkuu ataniangalia na kusema hataki kumdanganya Mama.

Zamu yangu ilifika. Mhubiri alikuja na leso nyeupe mkononi, akaniwekea mkono kichwani, mzito na wenye joto, mpaka shingo ikaingia mabegani. Halafu wanaume wawili wakanishika kwapani wakaniinua. Nilitembea, kama unaweza kukuita kutembea. Miguu iliburuta nyasi, kiatu kimoja kikatoka, Kukhu akakiokota, na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Na kwa kuwa nimejiahidi kusema ukweli hapa, hapo ndipo nilipojikojolea.

"Binti," mhubiri akauliza, "unasikia nini miguuni?"

"Baridi," nikasema.

"Baridi. Mmesikia? Nguvu imeanza kuingia na baridi."

Wakapiga makofi. Siku hizi nikikumbuka hapo hucheka peke yangu mpaka bwenini wananiuliza kuna nini. Siku ile sikucheka, kwa sababu nyuma ya jukwaa niliona wanaume wakipakia vile vitu kwenye pikapu. Kesho yake walikuwa na mkutano mji mwingine, na ushuhuda ulitakiwa ufike mapema. Waliteremsha mikongojo ya mwanzo, wakapakia kiti cha kwanza, cha pili. Halafu nikaona gurudumu la bluu likipanda juu.

Yule wa utepe wa manjano alikuwa karibu yangu na maikrofoni ya pili, akingoja nitoe ushuhuda. Mimi sikuwa na habari na maikrofoni. Niligeuza uso kwa Kukhu, aliyekuwa ubavuni pangu, nikamnong'oneza kama tunavyonong'onezana kanisani.

"Kukhu, mimi niko na shule Jumatatu. Mwalimu alisema bila kiti hana mtu wa kunibeba."

Sauti yangu ilitoka kwa spika zote nne. Ilienda ikagonga mabati ya nyumba za ng'ambo, ikarudi: kunibeba. Mimi ambaye darasani nilikuwa najibu maswali kwa kutikisa kichwa. Mtu mmoja akacheka. Mhubiri akatabasamu, akasema mtoto ameingiwa na woga, tumuelewe, kwaya tafadhali. Kinanda kikaanza.

Kukhu alisimama na kiatu changu mkononi. Aliwatazama akina mama wa ushirika wake, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayeaga. Kisha akaondoka, akanizunguka, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Wa utepe alimfuata mbio, maikrofoni bado mkononi, kwa hiyo tulisikia kila kitu.

"Mama, ukitoa umetoa. Usirudi nyuma, hii ni hatari."

"Nilitoa kitu si changu. Hicho kiti ni cha Nekesa, na sikumuuliza."

"Ati mtoto ndiye atakuongoza mambo ya imani?"

"Mambo ya shure, ndiyo. Teremsha."

Hakuna aliyeteremsha. Dereva aliingiza gia. Kukhu akapitisha mkono kati ya vyuma vya ubavuni mwa pikapu akashika lile gurudumu la bluu, akasema bila kupaza sauti, "Ukienda, enda na mkono wangu."

Kwaya iliimba ubeti mzima. Halafu dereva akazima gari.

Tulirudi nyumbani wawili tu. Hakuna mama hata mmoja wa ushirika aliyefuatana nasi, na njia ilikuwa ileile yao wote. Nilikuwa nimelowa, nanuka, na vishikio vya kiti vilikuwa vinatetemeka nyuma yangu njia nzima. Nilijua ni hasira. Nilijua nikifika nitachapwa kwa kumwaibisha mbele ya watu, na nikaanza kupanga nitakavyosema samahani. Tulipofika alichemsha maji, akaniogesha, akafua gauni langu, akanipa uji. Jumapili asubuhi akina mama walipita nje ya boma wakienda ibada, na kwa mara ya kwanza hawakusimama kumwita. Alikuwa amekaa mlangoni amevaa tayari, mkoba mapajani. Alikaa hivyo mpaka nyimbo zikaanza kusikika kule mbali, ndipo akaingia kubadilisha nguo.

Jumatatu niliingia darasani kule Saboti kwa mlango mpana. Mwalimu aliniambia, "Songa mbele kidogo, wengine wanataka kupita." Basi. Hakuna aliyewahi kuniambia maneno matamu kama hayo.

Kwa miaka mingi nilimweka Kukhu moyoni kama jiwe kwenye kiatu. Katika daftari langu la kwanza la kumbukumbu, nikiwa na miaka kumi na mitatu, niliandika kwamba Kukhu aliona aibu kuwa na mjukuu wa kiti. Niliandika hivyo kwa kalamu nyekundu. Desemba iliyopita nilimsomea Mama sentensi hiyo, sijui kwa nini, labda nilitaka anionee huruma. Hakunionea. Aliniambia kwamba nilipokuwa mdogo, tulipokuwa bado tunaishi kwake na kabla ya kuwa na kiti, Kukhu ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kila wiki kwenda kliniki Bungoma na kurudi, kwa miguu, mpaka nikatimiza miaka sita. Na mwaka ule wa krusedi, daktari alikuwa amemkataza kuinua hata mtungi wa maji. Wakati ule hakumwambia mtu; Mama alikuja kujua baadaye. Alinificha hata mimi, na ndiye aliyeniinua kutoka kitini kuniweka nyasini.

Kumbe hakuwa anaomba nipone ili watu waache kuangalia. Alikuwa ameona choo chenye ngazi, daraja la magogo, shule zenye madarasa ya juu, akaona na mgongo wake unaisha, na hakuona mtu wa kumrithi kazi ya kunibeba.

Nilikuwa nimeamini kwamba uwanjani pale mwenye hofu nilikuwa mimi peke yangu. Lakini mimi nilinong'ona tu, tena kwa bahati maikrofoni ikanisaidia. Kukhu alitembea hadi kwenye ile pikapu kwa miguu yake, watu wote anaowajua wakimtazama, na alipokuwa akitembea hakuwa na hakika hata kidogo kwamba Mungu hakuwa upande wa dereva.