Bibi Hajaripoti

Mimi ni mwalimu, mtu wa Kagera, na hili neno kuripoti limenikimbiza tangu nipate ajira. Ukihamishwa, unaripoti. Usiporipoti, kazi huna. Hakuna cha mtoto anaumwa wala mvua imekata barabara.

Basi nilipohamishwa kutoka Nachingwea kwenda shule moja ya Mbekenyera, kule Ruangwa, nilimwacha mwanangu kwa bibi mwenye nyumba niliyopanga, ili nikaripoti nirudi. Mtoto alikuwa na joto. Nikasema ni meno tu.

Hata sijatoka ofisini kwa mkuu wa shule, simu ikaita. Bibi, Mmwera wa siku nyingi, Kiswahili chake ni cha sokoni. "Mwalimu, mtoto kalegea. Niko naye zahanati. Njoo."

Ee Mungu wangu! Nilipanda bodaboda nikimfokea dereva kila kona, utadhani yeye ndiye aliyechimba yale mashimo. Vumbi limenijaa mdomoni, nami naomba kwa sauti: huyu usinichukulie, nichukulie hata kazi.

Nikawakuta wamekaa kwenye benchi la nje. Nje! Mtoto yuko mapajani kwa bibi, macho yamemgeuka, midomo imekauka. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akatoka mbio. Akamnyakua mtoto huku akijitetea: "Mama, bibi nimemuuliza zaidi ya mara moja kama ameripoti pale mapokezi. Anasema hajaripoti na haripoti!"

Mlango wakaufunga, wakatuacha mimi na bibi kwenye korido. Ndani kimya. Mtoto wangu ni mtu wa kelele, sindano akiiona tu mtaa mzima unajua. Kimya kile kilinimaliza. Nikamgeukia bibi kwa hasira.

"Bibi, kwa nini hukuripoti? Unataka mwanangu afe?"

Akanitazama kwa mshangao, kisha akanivuta karibu, akanong'ona watu wasisikie.

"Nikuripoti polisi, mwalimu? Ndiyo, umemwacha mtoto anaumwa. Lakini wakikufunga, huyu atalelewa na nani? Nimewakatalia. Wameuliza na kuuliza, nimewakatalia."

Nilikaa chini sakafuni, nikaegemeza kichwa kwenye magoti yake, nikalia. Naye akanishika bega, bado anarudia kwamba hajamwambia mtu.

Ndipo kule ndani mtoto akapiga yowe.