Sekunde Nne za Kulaza Diski

Shoga yangu, nakuamini, ndiyo maana nakwambia hili ambalo hata mume wangu nilimficha.

Siku ya kwanza kazini, Croydon, nilikwenda na cheti cha skuli ya jioni na woga tele. Nikapewa kazi ya draiva, ile programu inayoiamrisha diski ya laptop. Aliyenifundisha ni Bhavna, Mhindi wa Kisumu.

"Mtu akifunga laptop, usiizime diski ghafla, dada," akaniambia. "Kataa kazi mpya, ngoja zilizoanza ziishe. Halafu iamrishe iandike kila ilichokishika, maana hukwambia tayari na bado haijaandika. Ndiyo uilaze."

"Na kuiamsha?"

"Ungoje izunguke sawasawa. Wewe ukiamshwa, unasukuma chapati hapo hapo?"

Tukagawana: kulaza kwangu, kuamsha kwake. Miaka ikapita, akaja mkuu mpya wa kitengo, mtu wa haraka. "Sekunde nne kulala? Za wenzetu zinalala kwa moja!"

Nikaitoa ile amri ya kuandika. Nikajaribu na laptop isiyokuwa na kazi yoyote; ikalala kwa sekunde moja, na hakikupotea kitu. Nikasifiwa mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Baadaye muuguzi mmoja wa Lewisham akafunga laptop yake, alipoifungua maelezo ya wagonjwa yameharibika. Mkuu akatuita.

"Imeharibika ilipoamka. Kuamsha ni kwa nani?"

"Kwangu," Bhavna akajibu. "Nimekagua mara tatu, hakuna kosa."

"Basi limeshuka mbinguni?"

Mimi nilikwishajua. Nikatazama saa, nikasema, "Samahani, adhuhuri imeingia," nikatoka. Wallahi, wakati wa sala ulikuwa bado mpana. Nilitandika mswala kuikimbia kweli.

Wiki ile nikairudisha amri kimya kimya. Malalamiko yakakoma, na wote wakaamini kosa lilikuwa la Bhavna na kwamba amelirekebisha. Akatolewa kwenye draiva, akawekwa kupokea simu, mwisho akaacha kazi. Siku ya kuaga akanikumbatia: "Angalau wewe siku ile ulikwenda kuniombea."

Nami nikamkumbatia vilevile.

Nilimwambia mkuu siku nilipoacha kazi mimi. Akasema, "Hayo ya zamani," akarudi kwenye kompyuta yake. Sala sijaacha, lakini kila adhuhuri ile aibu inasimama nami.

Bhavna alikuwa akikaa Thornton Heath, akahama, simu yake haipatikani. Nakuomba, wasimulie wenzio, nao wasimulie wenzao, mpaka yamfikie: kosa lilikuwa langu, na sikumuombea.