Uzi wa Manjano Mlangoni mwa Mashine

Saa tano asubuhi, Madurai, kusini mwa India. Nagalakshmi anapaka manjano nyuzi za pamba pale mlango wa kituo cha picha za ubongo unaposukumwa. Anaingia mzee asiye na miadi, amemshika mkewe mkono.

"Nimesikia mnapima wazee wanaopoteza lugha," anasema mzee Chidambaram, akihema. "Mpimeni huyu. Tangu msimu wa mvua hanisemeshi Kitamil."

Mkewe, Jamuna, anasema jambo kwa Kisaurashtra, lugha ya wafuma hariri. Nagalakshmi, aliyezaliwa mtaa wa wafumaji, anaangua kicheko.

"Amesemaje?"

"Anasema umevaa shati ndani nje, baba. Anasema amekwambia tangu nyumbani."

Mzee anajitazama. Kweli.

Nagalakshmi, mwenye miaka arobaini na sita, ni mhudumu hapa kwa mshahara wa rupia elfu kumi na nne. Watafiti wanataka kujua kwa nini mzee mwenye lugha mbili hupoteza moja kwanza. Mashine, yenye sumaku kubwa, huwaonyesha sehemu za ubongo zinazoamka mzee anapotaja vitu. Kazi ya Nagalakshmi ni kuwavua wanawake kila chuma na dhahabu, hata kidani cha ndoa.

Hapo ndipo penye kazi. Mwanamke mwenye mume hakai shingo tupu kama mjane. Kwa hiyo humfunga uzi wa manjano kwanza, ndipo afungue dhahabu.

"Nikitanguliza dhahabu, wengine hulia kama wamefiwa," anasema.

Anapomfunga Jamuna uzi, mzee anazungumza bila kuulizwa.

"Tulioana kwa kupendana. Mama yangu akapiga marufuku lugha yake nyumbani, hata kwa watoto. Mimi nikanyamaza. Sasa amebaki na hiyo tu, na mimi siijui."

Jamuna anaona tundu la mashine, anarudi nyuma. Anamtaka mumewe. Lakini mzee ana kifaa cha moyo kifuani. Karibu na sumaku ile haruhusiwi.

"Nitaingia mimi, bibi," Nagalakshmi anamwambia kwa lugha yao. "Nitakushika miguu mpaka mashine inyamaze."

Selvam, mwendesha mashine, anaelekeza kidole kwenye pua ya Nagalakshmi. "Na hicho kipini, dada? Si ulisema hakitoki?"

Mama yake Nagalakshmi alimvisha kipini hicho alipovunja ungo. Mama alifariki mwaka jana, na skrubu imeganda.

"Waje siku nyingine," Selvam anasema.

"Siku nyingine huenda hata Kisaurashtra kisiwepo. Lete koleo."

"Mwanangu, acha," mzee anamsihi.

"Nimeshamwahidi, baba."

Kipini kinakatika vipande viwili. Nagalakshmi anavifunga kwenye ncha ya sari, anakwenda kuvaa gauni la kituo, anampa mzee ile sari amshikie.

Mtafiti mmoja hafichi kitu: picha hizi hazitamrudishia Jamuna Kitamil, labda zitawafaa wengine. Mzee anaitikia kwa kichwa. Ameomba jambo jingine: Nagalakshmi awe anapita kwao Jumapili, amfundishe Kisaurashtra.

"Tutaanza na 'niko hapa'," Nagalakshmi anasema. "Akianza kujibiwa, huenda akaendelea kuongea."

Mashine inanguruma. Ndani ya tundu, Jamuna anataja picha anazoonyeshwa: ndizi, kufuli, ndovu. Nyuma ya kioo mzee anajaribu kuyarudia maneno, midomo ikichelewa.

Damu inashuka kutoka puani mwa Nagalakshmi. Haifuti. Mikono yote miwili iko kwenye miguu ya Jamuna, na mashine bado haijanyamaza.