Mgonjwa Aliyepigwa Pasi

Majirani zetu wa Kamembe waliupenda ugonjwa wangu. Sisemi kwa uchungu. Hata mimi ningeupenda kama ningekuwa upande wa kula.

Mimi hutengeneza gato, yaani keki za harusi na za ubatizo. Kazi hii nilijifunza peke yangu kwa video za simu, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, hakukuwa na mtu wa kuniambia basi, inatosha. Ua la krimu likiegemea kushoto, nalikwangua. Likiegemea kulia, nalikwangua. Mwaka ule nilifika mahali pa kukataa gato zima, nikaoka lingine, na lililokataliwa likagawiwa mlango kwa mlango. Watoto wa jirani walinenepa. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa heshima zote, kama Jumamosi hiyo pia nitakosea.

Kisha nikaacha kuoka kabisa. Nikawa mtu wa kitandani. Usingizi wenyewe haukuja. Nililala tu, macho yameelekea ukutani. Nikionja krimu, ni kama nimetia pamba mdomoni. Ndoo ya maji ya kuoga niliitazama kama kazi ya watu wanne. Na kichwani kulikuwa na sauti yangu mwenyewe, haichoki, ikinisomea makosa yangu yote tangu shule ya msingi.

Mama yangu huvuka mpaka wa Rwanda na Kongo kwenda Bukavu kuuza na kununua vitenge, na kwa mtu wa mpaka kila kitu lazima kiwe na jina, la sivyo hakipiti. Akaanza kunitafutia jina. Malaria: nikapimwa, hakuna. Minyoo: nikanywa dawa, hakuna. Wivu wa watu. Kukosa mume. Mwishowe akaleta wamama wa maombi, wakakaa kitandani kwangu kwa sababu viti havikutosha. Mmoja alilikemea pepo la uvivu kwa sauti iliyofika Gihundwe. Nililihurumia lile pepo. Kama kweli lilikuwa la uvivu, lingetoka kwa nguvu gani? Walipomaliza walikula gato la mwisho lililobaki ndani ya friji, wakalisifu. Mimi niliona limeinama.

Aliyeokota jina ni kaka yangu mkubwa, ambaye ni dereva wa pikipiki na hushinda na redio masikioni kati ya Kamembe na Gashonga. Siku moja aliingia na kofia bado kichwani.

“Weye, leo redio ilikusema.”

“Ilisema nini?”

“Muntu halale, hakule muzuri, hafurahie kitu, na ile mambo haiishe. Banasema ni ugonjwa. Dawa iko. Kwa kituo cha afya kuko muuguzi wa ile mambo ya kichwa.”

“Mutoto wangu haiko mwenda wazimu!” mama alisema kutoka jikoni.

“Maman, hakuna mwenye alisema wazimu. Mimi nilifikiri iko na kiburi tu.”

Nitasema hapa jambo ambalo wakati ule sikumwambia yeyote. Kila jioni nilikuwa naomba nisiamke. Sikuwa na mpango wowote. Lilikuwa ombi tu, kama mtu anavyoomba mvua. Niliposikia habari ya huyo muuguzi, niliamua nitamwendea mara moja. Akiona kitu, sawa. Asipoona, basi nitajua mimi ni mvivu kweli, na ombi langu litaendelea.

Sasa, kwetu sisi tuliotoka Bukavu, hakuna anayekwenda kwa daktari akifanana na mgonjwa. Ukienda mchafu, watasema huna watu. Mama alinipigia pasi kitenge chake cha harusi za wengine. Akanisuka, akanipaka mafuta, akanitia poda, akaning'arishia viatu hadi nikajiona ndani yake. Mimi nami sikukaa bure: nilijitungia maswali na majibu yake, nikayarudia kama mtu wa mtihani wa taifa.

Muuguzi, mwanaume wa makamo mwenye miwani, alinitazama akauliza nimemleta nani.

“Ni mimi mwenyewe, Dokta.”

“Ah! Karibu. Unalala?”

“Vizuri.”

“Unakula?”

“Bila shida.”

“Kazi?”

“Inaendelea.”

Si kwamba nilipanga kumdanganya. Niliona anafurahia majibu yangu, na mimi ni mtu ambaye kwa alama nzuri ningeweza kuchoma nyumba. Nilitabasamu. Nilikaa wima. Alipouliza kama nimewahi kuchoka na maisha, nilicheka kidogo, kicheko cha msichana aliyelelewa vizuri. Akasema labda ni uchovu, nipumzike, ikizidi nirudi. Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikaelewa kwamba nimefaulu mtihani wa kutokuwa mgonjwa. Nikaketi ukingoni na kitenge changu kizuri, pikipiki zikinipigia honi zikidhani natafuta usafiri.

Nyumbani mama aliuliza dawa iko wapi.

“Hakunipa. Alisema niko sawa.”

“Weye ulimuambia nini?”

“Nilimwambia ça va, niko vizuri.”

Mama alikaa chini. “Ulimuambia ça va? Tangu mwezi ule mwengine hauoge, unatoka hapa, unaenda kwa dokta, unamuambia ça va?”

“Maman, ulinivalisha vile! Ningesemaje naumwa na viatu vinang'aa?”

“Nilikuvalisha juu baone uko na bantu. Haikuwa juu baseme hauko mugonjwa!”

Hapo ndipo lile ombi langu la jioni lilinitoka mdomoni, bila kupangwa, bila mwanzo mzuri. Mama hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono kama ananizuia nisivuke barabara, na hakuniachia hata alipokuwa akigeuza mihogo jikoni kwa mkono mwingine.

Kesho yake alinikataza kuoga, mimi niliyekuwa sijapanga kuoga. Nilitoka na kitenge cha kulalia na nywele zimelala upande mmoja. Mlangoni nilimgeukia nikamkuta naye kavaa kitenge cha kupikia, chenye doa la mawese tumboni. Mama huyu hajawahi kwenda hata kununua chumvi bila poda.

“Maman, utaenda hivyo?”

“Twende. Batucheke bote wawili.”

Na walicheka. Jirani mmoja aliuliza kama nyumba imeungua.

Muuguzi hakuniuliza nimemleta nani. Niliongea vibaya, nikaanza mwisho, nikarudi mwanzo, nikalia katikati kwa kamasi nyingi. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza waziwazi kuhusu kufa, na safari hii sikucheka. Akasema ni ugonjwa, hauna uhusiano na uvivu. Kwa Kinyarwanda aliuita agahinda gakabije, huzuni iliyopitiliza. Kwa Kifaransa, dépression. Vitabuni nimeukuta ukiitwa sonona. Mama aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kitu chenye majina yote hayo kinavuka mpaka wowote.

Nilipewa vidonge, na siku za kurudi kuzungumza. Alimwambia mama nisiachwe peke yangu, na akatuonya kwamba vidonge havina haraka, huchukua wiki kadhaa. Niliuliza wagonjwa wake wazuri kabisa huchukua muda gani.

“Dada,” alisema, “hapa hatupangi wa kwanza na wa mwisho.”

Ilinikera sana. Mwanzoni vidonge vilinikausha mdomo na kunichafua tumbo, na nikawa na hakika kwamba hata kupona sitakuweza. Nilirudi nikamwambia hivyo. Akasema niendelee kumwambia.

Sikuona siku nilipoanza kupona. Wengine ndio walioiona. Mchana mmoja niliamka nikitamani sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zilizokaangwa jana zikabaki. Nikaenda jikoni, nikakuta kaka yangu anaramba sahani.

“Umekula zangu?”

“Zilikuwa na jina?”

Sitaandika nilichomwambia. Niligusa tabia yake, pikipiki yake na umbo la kichwa chake, na sauti ilifika hadi kwa majirani. Mama alikuja mbio kutoka uani, mikono imejaa povu la sabuni, akasimama mlangoni akisikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

“Asante Yesu,” alisema. “Anatukana!”

Kisha akamtuma kaka sokoni, kwa matusi yake mwenyewe, akaninunulie sambaza nyingine.