Prosesa ya Mfumo Mzima

Mwanangu, siku nilizochanganyikiwa ni nyingi, ila ile ya prosesa naikumbuka kuliko zote. Miaka hiyo ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia, viwanda vya samaki sangara vinaota ufukweni mwa ziwa kama uyoga. Mimi, niliyeachana na shule kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili, nilikuwa fundi msaidizi kwenye chumba cha baridi pale Pasiansi.

Fundi mkuu alikuwa Dada Koku, Mhaya asiye na mchezo. Ijumaa mnunuzi wa samaki anakuja, na anataka mtambo mmoja upime baridi, upime uzito, uonyeshe vyote kwenye skrini kwa pamoja. Asiporidhika anahamia Musoma, sisi tunafunga.

Dada Koku akaniita: “Maduhu, nenda Nyamagana kachague bodi ya kompyuta, ile ndogo ya kufunga ndani ya mtambo. Prosesa yake, yaani ubongo wake, iweze kuendesha mfumo mzima. Umeelewa?”

Nikaitika ndiyo. Ndiyo yenyewe ilitoka mdomoni tu, kichwani haikupita.

Kwa Mzee Salumu, muuza vifaa vya mtumba, nilikuta bodi mbili. Moja inang'aa, prosesa yake kama punje ya hindi. Nyingine imejaa vumbi, prosesa pana kama biskuti. Nikashika inayong'aa.

“Shikamoo mzee. Mfumo wake mzima?”

“Marahaba. Mzima kabisa, haujawahi kuumwa.”

Basi nikaridhika. Sisi watu wa mitumba, kitu kikiwa kizima maswali yamekwisha.

Dada Koku akaijaribu. Baridi peke yake, inapima. Uzito peke yake, unapima. Alipoweka mfumo wenyewe, ule unaobeba programu zote kwa pamoja, skrini ikaganda kuliko sangara.

“Kwa nini umechukua hii?”

“Mzee kasema mfumo mzima, dada.”

Akanitazama weee. “Mzima wote, Maduhu. Si mzima wa afya. Mfumo kamili unataka prosesa inayoipa kila programu chumba chake kwenye kumbukumbu, na ukuta katikati. Hii haina ukuta. Programu zinalala kitanda kimoja, zinapigana mateke.”

“Kwa hiyo ni mbovu?”

“Si mbovu, ni ya kazi moja. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.”

Hapo ndipo nikapotea kabisa, maana nilikuwa nawaza chungu cha kupikia, kumbe yeye anasema chungu mdudu.

“Ungeniuliza hapa hapa,” akasema. “Ningekucheka kidogo, halafu tungekuwa na bodi.”

Tukarudi wote kwa Mzee Salumu. Akasoma maandishi ya ile biskuti, akaona ina ukuta, akaichukua. Ijumaa mnunuzi akaona baridi na uzito vinakwenda pamoja kwenye skrini, akabaki na sisi. Mimi nilikuwa nyuma natikisa kichwa kama mtaalamu.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukitumwa kuchagua kitu, usiangalie uzima wake tu, uliza kitabebeshwa kazi gani. Na neno lenye maana mbili lipasue mbele ya aliyelisema, kabla hujatoka mlangoni.

Mungu akupe bosi mwenye subira, na ulimi usioona haya kusema “sijaelewa.” Amina.