Chuma cha Goti

Harufu ya grisi ya baiskeli ikinifikia puani, hasira hunipanda kabla sijajua imetoka wapi. Juzi nilikuwa nimesimama kwa fundi mmoja hapa Busia, nikingoja baiskeli ya mjukuu wangu izibwe pancha, nikajikuta ninamfokea kijana wa watu aliyekuwa akipaka cheni grisi bila kosa lolote. Akaniuliza, "Mama, kwani nimefanya nini?" Si jambo la kumweleza mtu pale barabarani. Ninyi nitawaambia.

Baba yangu, Wandera, alikuwa fundi wa baiskeli, na katika mji wetu miaka ya sabini fundi wa baiskeli alikuwa mtu mkubwa. Watu na mizigo yao walivushwa mpaka wa Uganda kwa baiskeli, na nyingi kati ya hizo zilipita mikononi mwake. Siku moja akaja Mganda mmoja mrefu, suti imemkunjamana, amebeba sanduku refu kichwani. Mambo ya kwao yalikuwa yameharibika, na hoteli alimokuwa akipiga muziki ilikuwa imefungwa. Alikuwa baba wa mapacha, kwa hiyo kila mtu alimwita Salongo. Alitaka kebo za breki.

Ndani ya sanduku mlikuwa na gitaa ambalo hatukuwahi kuona mfano wake. Halikushikwa kifuani. Lilisimama juu ya miguu minne kama meza ndogo, nyuzi kumi zikitazama juu, na mpigaji aliketi nyuma yake akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Chini kulikuwa na pedali tatu za kukanyaga, na penye goti la mpigaji kilining'inia chuma kimoja cha kusukuma. Ukikanyaga au ukisukuma, kebo iliuvuta uzi na sauti ikapanda huku bado inalia. Kebo zake zilikuwa zimekatika njiani. Baba alilala chali chini ya kitu kile karibu saa nzima, akatoka uso unameta jasho na furaha. "Hii ni baiskeli tu," alisema.

Salongo alikaa kwetu miezi mitano, katika chumba cha nyuma ya karakana. Mimi, Taaka, nilikuwa na miaka kumi na moja, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, na do re mi niliijua kuliko nilivyojua kufua. Alinisikia nikifuatisha gitaa lake kwa mdomo nikiwa ninaanua nguo, akaniita, akanikalisha kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo sikutoka.

Nyimbo tulizozizoea zilikuwa na sauti tatu zinazopishana, basi. Jazi ya hoteli aliyoijua Salongo ilikuwa na njia nyingi, na mahali nilipopapenda zaidi ni mwisho wa ubeti, mahali alipopaita kona.

"Nyabo, ubeti ikiisha usikae pale kama mtu amechoka," aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Piga kona, rudi mwanzo. Watu wajue unajua njia."

Kona yenyewe ni hatua chache tu. Unaanzia nyumbani, kwenye do. Unasukuma goti, ile do inapanda nusu sauti, inakuwa di, na wimbo mzima unageuza shingo. Di haitulii, inataka re. Re inakupeleka kwenye ti, na ti inakurudisha do. Do, di, re, ti, do. Nilirudia mpaka mama akawa anaiimba akisonga ugali. Kila kitu kilitegemea ile hatua ya pili. Bila goti hakuna di, na bila di hakuna kona, unabaki mtu aliyesimama njia panda akipiga miayo.

Salongo alipoondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi, nililia siku mbili. Siku ya tatu Baba akaanza kunitengenezea gitaa langu. Alichonga ubao wa mvule, akafunga kebo za breki, pedali tatu na chuma kimoja cha goti, nyuzi akatumia zile alizoachiwa na Salongo. Jioni, kazi ikiisha, aliketi juu ya tairi kuukuu akanisikiliza. Nilipokosea alikuna shingo, nikarudia. Niwaambie ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo maana yaliyofuata yananichoma hadi leo.

Ekisa, mkubwa wa bendi moja ya Malaba, alileta baiskeli yake kutengenezwa akanikuta nikipiga. Akasimama. Akasahau baiskeli. Bendi yake ilikuwa imepata nafasi ya kwenda Nairobi kurekodi sahani ya santuri wakati wa likizo ya Agosti, na alitaka sauti ile ndani yake. "Mzee, huyu mtoto alete hii kitu kwa dansi, ile bugi yetu ya Jumapili mchana," alimwambia Baba. "Akipiga vile amepiga hapa, Agosti tunaenda na yeye. Mama yake pia akuje, amchunge." Mama akakubali kabla Baba hajafungua mdomo. Siku nne nilizobakiwa nazo sikula vizuri.

Ijumaa akaingia Senge Perisi, dada mkubwa wa Baba, kutoka Funyula, na kapu lake la samaki wakavu. Kwetu Wasamia, senge ndiye anayemfunza binti namna ya kukaa mbele za watu, na neno lake halijadiliwi. Alinikuta katikati ya kona, goti la kushoto limekwenda kushoto, na Baba ameketi mbele yangu.

"Taaka! Unapanua miguu namna hiyo mbele ya baba yako?" alipiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Wandera, na wewe unaangalia tu? Kwani hii boma haina watu?"

Baba aliinuka akaenda kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea. Mama ndiye aliyejibu. "Tutafunika, Senge. Nitazungusha leso kwa hiyo meza, hakuna mtu ataona goti." Senge aliguna. Jioni nilimwona akiongea na Baba kando ya ua, kidole kikipanda na kushuka. Nilimchukia, yeye na kidole chake.

Jumapili tulikwenda Malaba nyuma ya lori la mahindi, gitaa limefunguliwa vipande vipande ndani ya gunia. Baba alilifunga mwenyewe jukwaani huku mama akinisuka upya nywele zilizovurugwa na upepo. Nilipoitwa, leso ilikuwa imekwisha kuzungushwa kote. Niliketi. Ukumbi ulijaa madereva wa malori, wauguzi, walimu na mashemeji wa kila mtu. Ekisa akahesabu hadi nne.

Ubeti ulikwenda vizuri. Nilisikia mtu akisema "aii!" kwa mshangao. Kisha tukafika mwisho, besi ikaondoka nyumbani kwenda hatua ya pili, nami nikasukuma goti langu. Goti lilikwenda, likaendelea kwenda, halikugusa kitu. Do yangu ikabaki do juu ya besi iliyokwisha kuhama, na ukumbi mzima ulisikia. Ubeti wa pili nikasukuma tena kwa nguvu zaidi hadi nikapiga mguu wa gitaa. Do. Mara ya tatu watu walikuwa wanacheka waziwazi, na mpiga besi alinitazama kwa huruma ambayo ningependa kumrudishia kwa kofi.

"Asante mtoto," Ekisa alisema kwenye maikrofoni. "Mpigieni makofi, amejaribu." Amejaribu!

Niliinua leso. Chuma cha goti hakikuwepo. Kebo yake pia haikuwepo, na matundu yalikuwa yamezibwa kwa nta, kazi safi ya fundi asiyetaka kuacha alama. Nilimtazama Baba. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini. "Senge yako amesema," alijibu. "Na mimi niliona bado iko na pedali tatu. Baiskeli ikiwa na breki moja inaenda tu." Nilichukua koleo lake nikakata nyuzi zote kumi, moja moja, mbele ya macho yake. Hakunizuia. Jumatatu kebo za gitaa langu zilikuwa kwenye baiskeli za wateja, na bendi ya Ekisa ikaenda Nairobi bila mimi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sikumsalimia Senge Perisi ila kwa ncha ya ulimi. Baba nilimsamehe nusu, kwa sababu niliamini alikuwa mwoga tu, mpole aliyebanwa na dada mkali. Tulipokwisha kumzika Baba, nilimfuata Senge jikoni nikamtapikia yote, kaptula na leso na kicheko cha Malaba, hapana, kaptula sikuitaja mimi. Aliitaja yeye.

"Mimi nilisema ushonewe kaptula," alisema, na macho yake ya uzee yakanikazia. "Ndefu, ya kufika magoti. Ukivaa hiyo, nani atasema kitu? Nilimwambia Wandera jioni ile ile. Akaniambia, 'Perisi, huyu akipiga kona kama anavyopiga hapa, watamchukua, na hatarudi.' Mimi nikajua anaongea tu."

Niliketi chini kwenye majivu na nguo zangu za msiba.

Watu huniambia alifanya hivyo kwa kunipenda. Najua alinipenda, sihitaji kuambiwa. Lakini fikirini nami. Angeng'oa pedali yoyote kati ya tatu, ningepapasa, ningebuni njia, ningeponea hapo. Aling'oa kile kimoja ambacho bila hicho sikuwa na lolote, kwa sababu jioni zote zile juu ya tairi alikuwa akinisikiliza, mpaka akajua kona yangu inakaa wapi. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuusikia muziki wangu vizuri kama baba yangu. Hilo ndilo sijamsamehe.