Mvua Iliyonyesha Sebuleni kwa Dada

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeumba kelele na kimya, akanipa uzee wa kutosha kuvisikia vyote viwili. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Baada ya hayo, nawasimulia.

Mwaka huu, hapa Rumonge, nilifanywa hakimu wa mashine. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, mfanyabiashara wa mawese, aliletewa kutoka Bujumbura kisanduku cheusi kizito kama jiwe la kusagia. Kazi yake ni kuipokea sauti ya filamu na kuigawa kwenye spika, ambazo sisi huku tunaziita bafle: nyingine mbele, nyingine nyuma, nyingine juu darini. Muuzaji alimpa siku mbili za kukijaribu. Akikipenda kinabaki, asipokipenda, fundi aliyekuja nacho anaondoka nacho.

Shida ilikuwa sebule. Kila Alhamisi dada yangu hufanyia humo darasa la dini la kina mama. Makochi huegemea kuta, katikati hutandikwa mkeka, na mtaa mzima hupata pa kukaa. Fundi aliyasogeza makochi, akaukunja mkeka, akaweka kiti kimoja katikati. Mashine hii, alieleza kwa upole, humpangia sauti mtu mmoja. Wengine watasikia pia, lakini si vizuri. Nimesoma vitabu vingi juu ya adabu za kupokea wageni. Kiti hicho sikukikuta humo.

Mume na mke hawakugombana, alhamdulillahi, ila waliacha kumaliziana maneno. Mwishowe walikubaliana kwamba nitakalosema mimi ndilo litakalokuwa, kwa sababu nimefundisha madrasa tangu ujanani, na husemwa kwamba hata nikiwa nje ya ukuta humtambua mwanafunzi aliyekosea kuvuta herufi. Sikukanusha. Unyenyekevu nao una siku zake za mapumziko.

Ilibidi kwanza mashine ipime chumba. Fundi aliweka kipaza sauti kidogo juu ya kile kiti, akatuomba tunyamaze dakika chache, na bafle zikaanza kupiga miluzi, moja baada ya nyingine. Jirani akapita dirishani, akatoa salamu. Kuitikia salamu ni wajibu. Shemeji na mimi tukaitikia kwa ukamilifu wake, pamoja na rehema na baraka. Mashine ikaandika kwenye televisheni kwamba chumba kina kelele, turudie. Tukarudia. Akapita muuza ndizi na salamu yake ya amahoro, nasi tukamjibu, tukamwuliza na habari za wagonjwa wa nyumbani kwake. Mara ya tatu fundi akaomba tufunge mlango. Tukafunga. Lakini mtaani kwetu mlango uliofungwa mchana una maana moja, na haukupita muda watu wakabisha hodi, wakiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyotuokoa. Tulikwenda msikitini, sisi na majirani, tukamwacha fundi, Mkristo kutoka upande wa Uvira, peke yake na mashine. Tuliporudi alikuwa anatabasamu.

“Wazee, murakoze, asanteni kwa kusali,” alisema. “Imepima mara moja tu.”

Ndipo nikakaa kwenye kiti. Shemeji alisimama nyuma yangu, mikono kifuani, kama baba anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Dada alikuwa uani na majirani wawili, wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, walizoanika juu ya nyavu.

Fundi aliweka filamu ya msituni. Ndege mmoja akalia nyuma ya bega langu la kushoto. Niligeuka kumtafuta, Mungu anisamehe. Kisha ngurumo ikaanza mbali, ikapita juu ya kichwa changu, na mvua ikashuka kwenye bati, tone kwa tone, halafu kwa wingi. Nilifumba macho. Nilitafuta kosa kama ninavyolitafuta kwa mwanafunzi, nisilipate.

Nje kulisikika kishindo cha miguu na mabeseni. Wanawake watatu walikimbilia verandani na ndagala zilizokauka nusu, wamezifunika kwa vitenge vyao. Dada akasimama mlangoni. Nyuma yake jua lilikuwa linawaka hata mbwa alikuwa amehamia uvunguni mwa gari. Akalitazama jua, kisha akatutazama sisi.

Shemeji akaona ameshinda. “Umeona? Hata wewe umeamini.”

“Nimeamini,” dada akasema. “Sasa mvua ya kweli ikija nitajuaje? Nikae ndani nikisema hiyo iko ya bwana wangu, ndagala zioze?”

Jirani mmoja akamwuliza shemeji kama mashine yake inaweza kunyesha hadi Bugarama, maana maharage yake huko yanakauka. Kisha wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimejiandaa kuisifu sauti. “Shemeji,” nikasema, “kosa sijaliona. Lakini nyumba inayoanika ndagala haiwezi kuwa na mvua mbili.”

Shemeji akakipapasa kile kisanduku kama mtu anayemuaga ng'ombe. Alikuwa ameahidi, akakubali. Aliomba tu kuisikia ile ngurumo mara ya mwisho kabla nyaya hazijafunguliwa. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, alinipisha kwa heshima ya umri wangu, na mimi, niliyetoka kumhukumu, nilikaa bila hata kujifanya nakataa. Dada akauliza kutoka uani kama hiyo ni ya ndani. Nikamjibu ni ya ndani. Ilipokwisha, ni mimi niliyemwomba fundi airudie.

Fundi aliondoka kesho yake asubuhi na kisanduku chake na bafle zake. Alhamisi kina mama walisoma sebuleni kama kawaida, wameegemea kuta, chini ya matundu ya misumari darini ambayo shemeji mpaka leo hajayaziba, na mimi sijamhimiza.

Nawe unayesoma, Mungu akubariki. Akupe nyumba isiyoishiwa wageni, na kila mgeni wako apate pa kuegemea.